Kudhulumu na Kukiuka: Maneno Mawili katika Historia ya Isiolo

Lugha ya Kiswahili ina vitenzi vingi vya kueleza ubaya ambao mtu huweza kumtendea mwenziwe katika haki yake. Twasema kuiba, kunyang'anya, kupora, kunyima, kuonea, kuvunja, kukiuka na kudhulumu. Msomaji asiyekuwa mwangalifu huweza kudhani kwamba maneno haya yote ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba kila moja laweza kukaa mahali pa jingine bila ya kuharibu maana. Lakini kila neno lina mpaka wake, na mwandishi asiyeijua mipaka hiyo huandika habari za watu kwa namna isiyowatendea watu hao haki. Katika insha hii tutatazama vitenzi viwili, kudhulumu na kukiuka, kisha tutavipima kwa historia ya mahali pamoja, yaani Isiolo katika nchi ya Kenya. Mahali hapo pamechaguliwa kwa sababu watu wake wameonja maana ya vitenzi hivyo katika maisha yao wenyewe, si katika kamusi.

Neno kudhulumu lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, pamoja na neno haki ambalo ni kinyume chake. Wanavyuoni wa lugha ya Kiarabu wameeleza asili ya maana yake kwa maneno machache sana: kudhulumu ni kuweka kitu mahali pasipokuwa pake. Shina la neno hilo ndilo pia lizaalo neno la giza katika lugha hiyo. Basi mtu adhulumuye hufanya mambo mawili kwa pamoja. Huondoa kitu mahali pake pa haki akakiweka pengine, na huleta giza juu ya jambo ambalo lilikuwa wazi. Kiswahili kililipokea neno hilo likazaa watoto wengi: dhuluma ni tendo lenyewe, udhalimu ni tabia, dhalimu ni mtendaji, na mdhulumiwa ni yule aliyetendwa.

Tabia ya kitenzi hiki katika sentensi yafaa kuangaliwa sana. Twasema, "Amenidhulumu shamba langu." Hapo mna mtu aliyetenda, mna mtu aliyetendwa, na mna kitu kilichoondolewa. Watatu hao hawawezi kutengana kwa urahisi. Hata pale ambapo kitu hakitajwi, kama katika kusema "Wamemdhulumu", msikilizaji huuliza mara moja, "Wamemdhulumu nini?" Na pale ambapo mtendaji hatajwi, kama katika kusema "Amedhulumiwa", msikilizaji huuliza, "Na nani?" Neno lenyewe ladai majibu. Haliachi mtu aondoke na habari nusu.

Aidha, kudhulumu si kuiba. Mwizi huja usiku, naye ajua kwamba akionekana ataadhibiwa. Kudhulumu si kunyang'anya tu, kwa maana mnyang'anyi hutegemea nguvu za mkono wake, wala hajali kama tendo lake lina jina zuri au baya. Dhalimu mara nyingi hufanya kazi mchana, mbele ya watu, mwenye cheo, mizani, wasia au karatasi iliyotiwa muhuri. Mlezi wa yatima alaye mali ya yatima hadhaniwi kuwa mwizi, maana mali iko mikononi mwake kwa ruhusa; lakini kila mtu wa pwani na bara ajuaye Kiswahili atasema kuwa amemdhulumu yatima. Basi katika dhuluma mna harufu ya mamlaka. Ni ubaya utendwao na mtu aliyekuwa na wajibu wa kulinda.

Tuje sasa kwa kukiuka. Asili ya kitenzi hiki ni tendo la mwili. Mtu akikuta gogo njiani huinua mguu akapita juu yake. Huko ndiko kukiuka. Kutokana na tendo hilo watu wakapata maana ya pili, yaani kupita mpaka uliowekwa, kama kukiuka amri, kukiuka miiko, au kukiuka sheria. Katika miaka ya baadaye, habari za haki za binadamu zilipoenea ulimwenguni baada ya Tangazo la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948, kitenzi hiki ndicho kilichopendwa na mahakama, magazeti na serikali. Siku hizi twasikia kila mara kwamba haki zimekiukwa.

Tofauti ya vitenzi hivi viwili ni kubwa kuliko ionekanavyo. Kudhulumu humtazama mtu, kukiuka hutazama mpaka. Mtu hudhulumiwa, lakini mtu hakiukwi. Kikiukwacho ni sheria, kanuni au haki yake. Ndiyo maana mwandishi aweza kusema "Haki zilikiukwa" kisha akanyamaza, na sentensi ikasimama imara bila ya kumtaja aliyetenda wala aliyelia. Tena, ili kitu kikiukwe, sharti mpaka uwe umewekwa kwanza. Pasipo gogo hapana kuinua mguu. Hapo ndipo swali letu la historia lizaliwapo: ikiwa watawala wameiandika sheria kwa namna ambayo wao hawana mpaka wa kuukiuka, je, watu watakuwa hawakutendewa ubaya wowote? Historia ya Isiolo yatoa jibu.

Isiolo ni mji uliopo mahali ambapo nyanda za juu za Mlima Kenya huishia na nchi kavu ya kaskazini huanzia. Kusini yake mna mashamba ya Wameru, na kaskazini na mashariki mna malisho ya Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasakuye na Wasomali. Mto Ewaso Nyiro hupita katika nchi hiyo ukielekea mashariki, ukinywesha mifugo ya watu wengi mpaka ufifie katika kinamasi cha Lorian. Wasomali wa Isiolo ambao wazee wao walikuwa askari wa Waingereza walifanya makazi hapo baada ya Vita Kuu vya kwanza. Basi mji huu tangu mwanzo ulikuwa mahali pa makutano ya watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa chombo chao cha kununuliana, kusalimiana na kushtakiana.

Wakati wa utawala wa Waingereza, Isiolo ilikuwa mojawapo ya wilaya sita za Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, pamoja na Garissa, Wajir, Mandera, Moyale na Marsabit. Mji huo ulifanywa makao ya utawala wa jimbo, na tena ulikuwa mlango wake. Kwa Sheria ya Wilaya za Nje ya mwaka 1902, serikali ilipewa uwezo wa kufunga sehemu ya nchi, asiingie mtu humo pasipo kibali. Mwaka 1926 Jimbo la Mpaka wa Kaskazini likatangazwa kuwa nchi iliyofungwa. Mtu wa kaskazini aliyetaka kwenda kusini alihitaji ruhusa, na mtu wa kusini aliyetaka kwenda kaskazini alihitaji ruhusa vile vile. Mifugo nayo ilizuiwa kwa karantini, kwa hoja ya kuzuia magonjwa yasifike katika mashamba ya walowezi. Kutokana na hayo, watu wa kaskazini walizoea kusema, walipovuka Isiolo kuelekea kusini, kwamba wanakwenda Kenya. Msemo huo ulidumu miaka mingi baada ya uhuru, nao ni ushahidi wa watu waliojiona wamewekwa nje ya nyumba ambayo waliambiwa ni yao.

Zilifuata sheria nyingine. Sheria ya Adhabu ya Jumla ya mwaka 1909 na Sheria ya Wizi wa Mifugo na Mazao ya mwaka 1933 zilimruhusu mtawala kutoza faini jamaa au kabila zima kwa kosa la mtu mmoja. Mwaka 1934 ikatungwa Sheria ya Wilaya Maalumu, ambayo iliwapa watawala wa wilaya uwezo wa kulitaja kabila kuwa ni adui, kisha kuwakamata watu wake, kuwazuia wasitembee na kuchukua mali yao. Fikiri, msomaji, juu ya mchungaji wa Kiborana ambaye hakuiba ng'ombe wa mtu yeyote. Asubuhi askari wamekuja, wamehesabu mifugo yake, wamechukua sehemu, wamekwenda zao. Akiuliza sababu, ataambiwa kuwa mtu wa ukoo wake ameiba mahali asipopajua. Akiuliza sheria iko wapi, ataonyeshwa sheria. Hakuna mpaka uliokiukwa. Lakini ng'ombe wake wameondolewa mahali pao, na yeye hakutenda kosa. Kiswahili kina neno moja tu la kutosha kwa hali hiyo.

Katika miaka hiyo ya 1930 pia, serikali ilipotaka kutenganisha makabila kwa mistari ya malisho, Waborana waliokuwa wamebakia katika visima vya Wajir walihamishwa wakaelekezwa upande wa Isiolo. Nia iliyotajwa ilikuwa amani, maana vita vya visima baina ya Waborana na Wasomali vilikuwa vimemwaga damu. Hatuwezi kusema kuwa nia ya amani ni mbaya. Walakini mstari uliochorwa juu ya karatasi haujui mvua inyeshapo, wala haujui kwamba mfugaji wa nchi kavu huishi kwa kufuata mvua. Mtu aliyezuiwa kuvuka mstari wakati wa ukame hupoteza mifugo yake ingawa hakuna mkono uliomnyang'anya.

Uhuru ulipokaribia, swali la Jimbo la Mpaka wa Kaskazini likawa kubwa. Mwaka 1962 serikali ya Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mmoja wa Nigeria na mmoja wa Kanada, kuuliza maoni ya wenyeji. Tume ilikuta kwamba wengi wa watu wa jimbo hilo, hasa Wasomali na jamaa zao, walipenda kujitenga na Kenya na kuungana na Somalia, na kwamba wengine walitaka kubakia. Mwaka 1963, mipaka mipya ilipotangazwa, Wasomali wengi waliwekwa katika Jimbo la Kaskazini-Mashariki, na Isiolo ikawekwa katika Jimbo la Mashariki. Watu waliulizwa, wakajibu, kisha jibu lao halikufuatwa. Upande wa pili, viongozi wa Kenya waliona kwamba nchi changa ikianza kukatwa vipande kabla ya bendera yake kupandishwa haitapona. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito, na mwanafunzi wa historia hana haja ya kuifanya moja kuwa ya kipumbavu ili apate kuikubali ya pili.

Damu ilimwagika mapema. Tarehe 28 Juni 1963, siku 27 baada ya Kenya kupata madaraka ya ndani, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa kwa kupigwa risasi akiwa safarini pamoja na chifu wa Waborana, Haji Galma Dido, naye akafa. Wabera alikuwa kijana wa kaskazini, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho katika Isiolo. Jina lake limepewa barabara katika jiji la Nairobi. Hao nao walidhulumiwa, na walichodhulumiwa ni uhai. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, ili msomaji asidhani kuwa kitenzi tunachokichunguza kina upande wake katika siasa. Mwenye bunduki ya serikali aweza kudhulumu, na mwenye bunduki ya msituni aweza kudhulumu. Mashifta waliua wasafiri, walipora mifugo ya watu maskini na kutega mabomu njiani, na wengi wa walioumizwa walikuwa watu wa kaskazini wenyewe.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na kabla ya mwezi huo kwisha hali ya hatari ilitangazwa katika Kaskazini-Mashariki. Vita vilivyofuata vilidumu mpaka mwaka 1967. Mwaka 1966 zilitolewa kanuni za Mkoa wa Kaskazini-Mashariki na wilaya zinazopakana nao, na Isiolo ilikuwa mojawapo ya wilaya hizo. Serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa, kama vile Garba Tulla na Merti katika wilaya ya Isiolo, ili mashifta wasipate chakula wala habari kutoka kwao. Watu walitakiwa kulala ndani ya ua na kuchunga mifugo karibu. Mifugo iliyokutwa katika sehemu zilizokatazwa iliweza kuchukuliwa au kupigwa risasi.

Mtu asiyejua ufugaji aweza kuuliza: kuna ubaya gani watu kukaa pamoja karibu na mto, wakapewa ulinzi? Jibu li katika tabia ya mnyama na nchi. Ngamia hutaka majani ya miti iliyotawanyika katika eneo kubwa. Ng'ombe na kondoo hutaka nyasi ambazo leo zipo hapa na kesho zipo mwendo wa siku nyingi. Mifugo mingi ikifungwa mahali pamoja hula kila kitu katika muda mfupi, kisha maradhi huenea kutoka mnyama mmoja hadi mwingine, kisha njaa hummaliza aliyesalimika na maradhi. Ndivyo ilivyokuwa. Waborana wa Isiolo walipoteza sehemu kubwa sana ya mifugo yao, na Wasakuye, ambao maisha yao yalikuwa ngamia, walifilisika karibu wote. Watu waliokuwa wakigawa maziwa wakawa watu wa kungojea posho.

Waborana wana jina la wakati huo katika lugha yao. Huuita gaafa dhaabaa, yaani wakati wa kusimamishwa. Jina hilo halikuhitaji kutaja risasi wala moto. Kwa watu ambao uhai wao ni mwendo, kusimamishwa kwenyewe kulikuwa msiba wa kutosha kupewa jina. Hapo twaona tena ile maana ya kale iliyoelezwa na wanavyuoni wa Kiarabu, ya kuweka kitu mahali pasipokuwa pake. Lugha mbili mbalimbali, Kiborana na Kiarabu, zimekutana katika wazo moja.

Vita vilikwisha kwa mapatano ya Kenya na Somalia yaliyofanywa Arusha mwezi Oktoba 1967, kwa upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Silaha ziliwekwa chini, lakini hesabu ya yaliyotendeka haikufanywa. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kinga. Sheria hiyo iliweka mipaka juu ya kufungua mashtaka kwa mambo yaliyofanywa na watumishi wa serikali katika Mkoa wa Kaskazini-Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, baina ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Watetezi wake walisema kuwa askari aliyetii amri katika vita hawezi kuburutwa mahakamani kila siku. Lakini mjane aliyepoteza mume na ngamia aliuona mlango wa mahakama umefungwa kwa miaka ile ile aliyoihitaji. Mbele ya sheria hapakuwa na haki iliyokiukwa, kwa sababu sheria ilikataa kutazama. Mbele ya mjane dhuluma iliongezeka, maana kwanza alidhulumiwa mali, kisha akadhulumiwa na neno la kulalamikia.

Ipo hoja ambayo mwanafunzi makini ataitoa hapa, nayo yastahili jibu. Atasema: serikali yoyote ikipigwa vita ina haki ya kujilinda, na katika vita watu wema huumia pamoja na wabaya; wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo; basi je, kila maumivu ni dhuluma? La, si kila maumivu. Ukame huumiza lakini haudhulumu. Askari aliyepigana na shifta mwenye silaha hakumdhulumu. Dhuluma huanza pale ambapo mwenye mamlaka amwadhibu mtu kwa kosa asilolitenda, au amchukulia riziki pasipo kulipa, au amziba mdomo asishtaki. Vipimo hivyo vitatu vyatosha kutenganisha msiba na dhuluma. Tukivitumia kwa historia ya Isiolo tutaona kwamba baadhi ya mambo yaliyotukia yalikuwa misiba ya vita, na mengine yalikuwa dhuluma hasa. Mwandishi mwaminifu hutenganisha.

Athari za miaka hiyo hazikwisha upesi. Hali ya hatari katika kaskazini haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walihojiwa na kutakiwa kuwa na kadi ya pekee ya kuthibitisha uraia wao. Kwa miongo mingi kijana wa kaskazini aliyeomba kitambulisho alipitishwa katika uchunguzi ambao kijana wa kusini hakupitishwa. Mwezi Februari 2025, katika Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuwa uchunguzi huo wa ziada umekomeshwa. Hebu tuupime kwa kitenzi chetu. Kijana anyimwaye kitambulisho hakunyang'anywa ng'ombe wala ardhi. Lakini bila ya karatasi hiyo hawezi kuajiriwa, kupiga kura, wala kusafiri kwa amani. Amewekwa nje, mahali pasipokuwa pake, naye ni mwana wa nyumba.

Mwanzoni mwa karne hii mambo yalianza kubadilika. Mwaka 2008 Bunge lilitunga sheria ya kuunda Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, na mwaka 2011 tume hiyo iliwasikiliza mashahidi katika kaskazini ya Kenya. Ripoti yake ilikabidhiwa kwa Rais mwezi Mei 2013. Mwezi Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, akihutubia Bunge, aliomba radhi kwa niaba ya serikali yake na serikali zilizotangulia kwa makosa ya zamani, akatangaza kuwekwa kwa mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waliodhulumiwa. Kuomba radhi si kulipa, lakini ni kukiri kwamba ule uliokuwa ukiitwa utawala wa sheria ulikuwa na waliodhulumiwa ndani yake.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa Katiba iliyopitishwa kwa kura ya wananchi tarehe 4 Agosti 2010. Katiba hiyo iliandika haki za kila mtu, ikampa kila mtu ruhusa ya kwenda mahakamani akidai kuwa haki yake imenyimwa, imekiukwa au inatishiwa. Iliitambua pia ardhi ya jamii, ambayo ndiyo malisho ya wafugaji, na mwaka 2016 ikafuatiwa na Sheria ya Ardhi ya Jamii. Kwa hiyo kitenzi kukiuka, ambacho zamani hakikuwa na kazi katika Isiolo, kimepata kazi sasa. Gogo limewekwa njiani, na mpaka umewekwa hata kwa mwenye cheo. Akiinua mguu ataonekana, na anaweza kuulizwa. Hilo ni jambo la maana sana wakati huu ambapo njia kuu, bomba na majengo ya mradi wa kuunganisha bandari ya Lamu na nchi za kaskazini yanapangiwa kupita katika nchi ya Isiolo. Ardhi ambayo zamani ilidhaniwa kuwa haina thamani sasa ina watu wengi wa kuitamani.

Kutokana na hayo yote twaona kwamba vitenzi vyetu viwili havishindani, bali vyahitajiana. Kukiuka ni neno la mahakama. Lina faida ya usahihi, kwa maana humlazimisha mlalamikaji kuonyesha ni kifungu gani kilichopitwa na ni nani aliyewajibika kukishika. Kudhulumu ni neno la dhamiri. Lina faida ya kuona mbali, kwa maana laweza kuihukumu hata sheria yenyewe. Taifa lenye kukiuka bila ya kudhulumu litakuwa na mawakili hodari na sheria mbaya. Taifa lenye kudhulumu bila ya kukiuka litakuwa na vilio vingi na hukumu chache. Sheria njema huzaliwa pale ambapo kilio cha aliyesema "Nimedhulumiwa" kimesikilizwa, kikapimwa, kikaandikwa kuwa mpaka usiokiukwa tena.

Neno la mwisho ni juu ya matumizi ya kila siku. Katika Isiolo ya leo wizi wa mifugo bado huleta vifo baina ya jirani na jirani, na mara nyingi kila upande husema kwamba umedhulumiwa na upande wa pili. Vijana huenda kulipiza kwa ng'ombe wa mtu asiyehusika, kwa sababu tu ni wa kabila la mwizi. Yafaa wajiulize wanamwiga nani. Kumwadhibu mtu kwa kosa la ukoo wake ndiko kulikoandikwa katika sheria za mwaka 1909 na 1933, zilizowaliza babu zao. Mtu aliyedhulumiwa akidhulumu wengine kwa njia ile ile, huwa amemrithi dhalimu wake. Wazee wa Kiborana waliitunza amani ya nchi yao kwa seera, yaani sheria za jadi, ambazo zilitaja kisima ni cha nani, nani anywe kwanza na mgeni apewe nini. Kanuni hizo zilifanya kazi kwa sababu kila mtu alijua mahali pake na mahali pa mwenziwe.

Basi msomaji, ulitumiapo neno kudhulumu, litumie kwa uangalifu. Usiliite dhuluma kila jambo usilolipenda, kwa maana neno litumiwalo ovyo hupoteza uzito wake, na siku ya haja halitasikika. Useme ni nani aliyedhulumu, ni nani aliyedhulumiwa, na ni kitu gani kilichoondolewa mahali pake. Ukiweza kuyajibu maswali hayo matatu kwa ukweli utakuwa umeandika historia. Waswahili husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya kwanza ya watu wa Isiolo, waliosimamishwa, waliofilisika na waliouawa pande zote, ni kutajwa kwa kitenzi kiwastahilicho.